Kichwa Ndani ya Tangi la Ndurumoini

Tulimwacha Wachuka juu ya ngazi ya chuma, futi ishirini kutoka ardhini, mkono mmoja kwenye mfuniko wa tangi na mwingine puani. Kwako wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, jua haya tu: binti yake Kabura, mtoto wa miaka minne, amelazwa hospitalini Nyeri kwa homa ya matumbo, na daktari alimwuliza mama swali moja. Mnakunywa maji gani?

Wachuka alimwacha mtoto na dada yake mwenyewe, Watiri, kando ya kitanda, akarudi kijijini Ndurumoini asubuhi hiyo hiyo, akapanda ngazi.

Sasa akausukuma mfuniko.

Harufu ilitoka kwanza. Ilimpiga usoni kama tambara bichi, ikamwingia mdomoni, akaisikia hadi kwenye meno. Akageuza uso, akameza mate, akaangalia tena.

Kitu cha kwanza alichokiona ni jicho.

Lilikuwa jeupe, limevimba, nalo lilikuwa katika kichwa cha mbuzi kilichoelea upande upande. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka. Ngozi ya mashavu ilikuwa ya kijivu na laini kama ugali uliolala majini. Midomo ilishaoza, meno yote yako nje. Kwenye pembe mtu alikuwa amefunga kitambaa chekundu, mafundo mawili, kwa uangalifu. Pembeni yalielea mayai matatu, moja limepasuka, na chupa ndogo ya marashi iliyokwisha. Na juu ya maji yote ulitanda utando wa mafuta ya manjano, na ndani ya utando huo funza walikuwa wanajikunja.

Wachuka alikumbuka uji.

Jumapili ile Kabura alikisukuma kikombe, akasema uji unanuka. Yeye mama mtu akamwambia aache madeko, anywe amalize. Na mtoto akanywa akamaliza.

Hapo akashika ngazi kwa mikono miwili, akatapika hadi ikabaki nyongo tupu.

"Mama Kabura," sauti ikasema chini. "Funika hapo, ushuke."

Alikuwa baba mkwe wake, mzee Kingori, amesimama chini ya ngazi na kopo la grisi mkononi.

Mzee huyu hakuwa kama wazee wengine wa sehemu za Chaka. Mwaka wa hamsini na moja alikimbilia Mombasa, akaajiriwa meli ya mizigo, mtia mafuta katika chumba cha injini. Wenzake walipokuwa msituni wakipigania uhuru na katika vijiji vya kuzungushiwa waya, yeye alikuwa baharini. Alirudi mwaka wa sitini na nane na sanduku la bati na kikohozi. Kijiji kilipojenga mradi wa maji kwa harambee, haikuulizwa mara mbili nani ataangalia mashine ya kuvuta maji kutoka bwawani hadi tangini. Hakuna mwingine aliyejua injini. Na sasa, mwaka wa sabini na tatu, ufunguo wa uzio wa tangi ulikuwa shingoni mwake tu; asubuhi hiyo alikuwa ameliacha lango wazi.

Wachuka akashuka hadi chini. "Baba," alisema, "ni wewe umeweka hii kitu hapa?"

"Ni mimi."

Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe wamekunywa.

"Kwa nini?"

"Wewe hujui maji. Huku watu wanajua mvua na wanajua mto. Mwenye maji hawamjui." Akaweka kopo chini. "Kwa meli huwezi kupiga mluzi, utaita upepo. Kabla ya kutoka bandari ya Kilindini lazima kitu itolewe. Mhindi anavunja nazi. Watu wa pwani wanatupa halwa na marashi. Hata Mzungu, ati amesoma, alikuwa anamwaga glasi ya kwanza baharini na hakuna mtu alikuwa anacheka."

"Hapa si baharini."

"Maji ni moja."

"Hii ni maji ya kupikia watoto, Baba."

"Mashine ilikufa mwezi wa nne, siku tisa. Nikapatia maji kichwa ya kwanza. Siku ya pili ikawaka."

"Iliwaka kwa sababu ulifungua chujio ya dizeli ukatoa matope. Mimi nilikuwa hapo nimekushikia karai."

Mzee alifikiri kidogo. "Matope ilikuwa hapo siku zote. Kwa nini niliiona siku hiyo?"

Wachuka alimtazama mzee huyu aliyekuwa akimbeba Kabura mabegani kwenda sokoni, Kabura aliyepewa jina la marehemu mke wake, na kwa mara ya kwanza akaona kucha zake. Zilikuwa na weusi wa grisi, na chini ya weusi kulikuwa na kitu kingine cha hudhurungi kilichokauka.

"Kabura ana homa ya matumbo," alisema. "Daktari amesema ni maji."

"Haiwezi kuwa maji. Mimi mwenyewe nakunywa hii maji kila siku."

Na mzee akaenda kwenye mfereji ulio chini ya tangi, akakinga kikombe chake cha bati, akanywa chote huku akimwangalia. Maji yalimtiririka kidevuni. Macho yake, Wachuka akayaona sasa, yalikuwa ya manjano. Mzee alikuwa mgonjwa na hakujua.

Wachuka akachukua debe lenye kamba, akapanda tena.

"Usitoe," mzee alisema. "Mama Kabura, nakuomba. Ukitoa kile kimepewa maji, maji itachukua kingine."

Alikitoa. Kilipopita ukingoni sikio moja lilikatika likabaki mkononi mwake, likiteleza kama ganda la ndizi. Alilitupia ndani ya debe pamoja na kichwa na maji yake, akaufuta mkono kwenye nyasi, akaufuta tena, akashika njia ya kanisani.

Kamati ya mradi ilikuwa inakaa kila Alhamisi saa nne katika ukumbi wa kanisa. Cheamani, mwenyekiti wake, ni Ngatia, mzee wa kanisa, mtu mnene wa sauti ya polepole. Mwaka uliopita alisimama madhabahuni akamtoa mama mmoja kwenye meza ya Bwana kwa sababu alionekana kwa mganga wa mjini Karatina. Njia nzima Wachuka alikuwa anajiambia: Ngatia akiona hiki, mzee Kingori amekwisha. Kidogo amwonee huruma.

Aliingia bila kubisha, akaliweka debe juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai.

Mathenge, karani wa kamati, aliruka na kiti chake. Nzi walikuwa wameshalifuata debe tangu njiani. Ngatia alichungulia ndani, akakisogeza kikombe chake mbali kidogo.

"Nilimwambia afunge jiwe," alisema, "ndiyo kizame."

Wachuka alidhani hakusikia vizuri.

"Cheamani, ulijua?"

"Kaa chini, mama Kabura."

"Ulijua kichwa kimo ndani ya tangi?"

"Nilijua mzee ako na mambo yake ya meli," Ngatia alisema. "Alikataa kugusa mashine bila mbuzi. Ungetaka nifanye nini? Niite fundi kutoka Nakuru kila wiki? Nilimpa mbuzi, akafanya kazi, mkapata maji. Na tangi ni kubwa. Kichwa kimoja kitafanya nini kwa tangi kubwa namna hiyo?"

"Ulimfukuza mama Wambui kwa sababu ya mganga."

"Hiyo ilikuwa ibada. Hii ni mashine."

Wachuka alimtazama mtu huyu aliyesimamia ubatizo wa Kabura. Alikuwa na kipande cha mkate kwenye kona ya mdomo.

"Mbuzi yenyewe ilitoka wapi?" aliuliza.

Ngatia alimega mkate.

"Ni zile mbili kikundi cha akina mama kilitoa, ati za kukaribisha wageni wa mradi?"

Mathenge alifukuza nzi kwenye kikombe chake.

"Na kichwa ni hiki. Mwili ulienda wapi?"

Ngatia alimtazama Mathenge. Mathenge akaufuta mdomo kwa kiganja, kana kwamba mafuta bado yapo.

"Tulichoma," Mathenge alisema. "Ile ya mwezi wa nne na hii ya mwezi uliopita. Kwa cheamani, nyuma ya nyumba."

Kwa hiyo, msomaji, ndivyo ilivyokuwa. Wazee wa Ndurumoini walikula nyama, na watoto wa Ndurumoini wakanywa kichwa.

Lakini Wachuka alikuwa anaangalia chupa ya chai. Ilikuwa chupa kubwa ya maua mekundu, na si ya kanisa.

"Hii chai imepikwa na maji gani?"

"Imetoka kwangu nyumbani," Ngatia alisema.

"Sijauliza nyumba. Nimeuliza maji."

Jibu halikuhitajika. Kila mtu kijijini aliliona tangi jipya la mabati nyumbani kwa Ngatia, la kukinga maji ya paa. Liliwekwa mwezi wa tano. Kichwa cha kwanza kiliingia majini mwezi wa nne.

"Na wewe Mathenge? Watu wako wanachota wapi?"

Mathenge aliinamisha kichwa. "Bibi yangu huchota kwa cheamani."

"Wote?"

"Wa kamati, ndiyo."

Mzee Kingori, na upumbavu wake wote, aliyanywa maji yale. Hawa hawakuwa na imani na pepo wala maji. Walikuwa na imani na nyama tu.

Akachukua kikombe cha Ngatia. Akaimwaga chai sakafuni. Akakichovya debeni, akakijaza hadi ukingoni, akakiweka mbele ya mzee wa kanisa. Funza mmoja alikuwa anapanda mkono wa kikombe.

"Kichwa kimoja hakifanyi kitu," alisema. "Kunywa."

Ngatia alicheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

"Mama Kabura, umechoka. Mtoto ni mgonjwa, tunaelewa."

"Cheamani, kunywa," sauti ikasema dirishani.

Alikuwa Wacera, kiongozi wa kikundi cha akina mama. Alikuwa na mtungi mgongoni, na nyuma yake walisimama wanawake wengine saba au wanane waliokuwa wanatoka kuchota. Walikuwa wamesikia yote. Mmoja aliushusha mtungi wake polepole, akaumwaga, na wengine wakafanya vivyo hivyo.

Ngatia aliitoa leso, akafuta paji la uso. Kikombe hakukigusa.

"Mliniambia mwili ulienda bwawani."

Wote waligeuka. Mzee Kingori alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuna aliyejua amekuwa hapo kwa muda gani.

"Ngatia," alisema, "uliniambia mlifunga jiwe mkatupa bwawani, nyama na ngozi, bila kukata. Mara mbili uliniambia."

"Mzee, nyama ni nyama," Ngatia alisema. "Ungetaka tutupe mbuzi mzima kwa matope?"

Kingori alisimama akifikiria. Midomo yake ilikuwa inatembea kama ya mtu anayehesabu siku.

"Basi maji haijapata kitu," alisema mwishowe. "Imepewa mfupa. Imedanganywa mara mbili."

Akaiweka kofia yake juu ya meza, kando ya debe, akatoka.

Hakuna aliyemfuata. Wachuka alimwona akipita dirishani na hakuhisi chochote isipokuwa kinyaa. Aende. Hata harufu ya koti lake hakuitaka karibu.

Wanawake wakaingia. Wacera alitoa amri mbili: mmoja aende akafunge mfereji na kusimama hapo mtu asichote, mwingine akimbie Chaka akatafute gari la kwenda kuwaita watu wa afya Nyeri. Ngatia alipotaka kupita, alikuta mlango umejaa mitungi na wenye mitungi.

"Kaa chini, cheamani," Wacera alimwambia. "Chai yako haijaisha."

Mathenge ndiye aliyekuwa dirishani, akitafuta hewa. Alisema kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe:

"Mzee anaenda wapi na koti zito hivi, na jua hili lote? Na mifuko imejaa vyuma."

Wachuka alikuwa nje kabla hajamaliza.

Bwawa la Ndurumoini lilichimbwa na Mzungu mwenye shamba kabla ya uhuru, kwa ng'ombe wake. Ng'ombe wa kijiji wanakunywa hapo hadi leo, na wanachafua hapo hapo. Ukingo ulikuwa tope jeusi lililochanganyika na kinyesi, na juu ya maji ulilala ukungu wa kijani mzito kama mtindi ulioharibika.

Mzee Kingori alikuwa ameshaingia. Maji yalikuwa kifuani. Alikuwa anatembea polepole, mikono juu, na nati na spana za mashine zilikuwa zinamvuta chini kila hatua. Miaka kumi na saba baharini, na hakujua kuogelea.

"Baba, rudi."

Hakugeuka.

Wachuka aliingia. Tope lilimfyonza kiatu cha kwanza, kisha cha pili. Kitu laini kilipita katikati ya vidole vyake vya miguu. Ukungu wa kijani ukamshika mapajani, kiunoni, ukaingia ndani ya blauzi, na uvundo ukamjia ule ule wa tangi, kwa sababu maji yalikuwa yale yale. Alifunga mdomo na kuendelea. Tangu aolewe hakuwahi kumgusa baba mkwe wake hata mkono, hayo hayafanywi. Sasa akamshika ukosi wa koti kwa mkono wake wa kulia, akavuta.

Mzee alikuwa mzito kuliko alivyofikiri. Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Wanawake walikuwa wanafika ukingoni, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea.

"Niachilie, mama Kabura. Ikinichukua mimi itamwacha mtoto."

"Mtoto anatibiwa na dawa. Toka hapa."

"Hujui. Mbuzi haitoshi. Hata kwa meli haikuwa mbuzi."

"Nini haikuwa mbuzi?"

Mzee aliutema ukungu ulioingia mdomoni.

"Mwaka wa sitini na sita. Injini ilikufa karibu na kisiwa cha Sokotra, siku sita. Tukapata kijana amejificha chini kwa mizigo, alipanda Kilindini bila ruhusa. Mabaharia wakasema ni yeye, maji inamtaka, ndiyo sababu imetushika." Alipumua. "Tulimtupa watu wanne. Mimi nilishika miguu."

Wachuka alizidi kuvuta ukosi.

"Alikuwa anaongea Kikuyu. Aliona ni mimi peke yangu namwelewa. Akaniambia jina la mama yake, ati nimwambie. Injini iliwaka jioni hiyo."

"Nani aliitengeneza?"

Mzee alishusha mikono majini.

"Ni mimi," alisema. "Ilikuwa chujio."

Upepo ulipita, ukungu ukasogea, ukajifunga tena mahali pale pale.

"Mama yake ni wa wapi?" Wachuka aliuliza.

"Chaka. Anauza viazi sokoni, pale karibu na barabara ya Nanyuki. Mimi nanunua kwake kila wiki." Sasa mzee alikuwa analia, lakini bila sauti. "Anajua nilikuwa baharini. Kila wiki ananiuliza kama kule niliwahi kumwona kijana wake."

Wachuka aliviona viazi hivyo. Alivimenya yeye mwenyewe, wiki baada ya wiki, akavipika, akampa mzee sahani ya kwanza.

Kinyaa kilimpanda kutoka mahali ambapo kichwa cha mbuzi hakikufika. Nyuma yake Wacera alikuwa anapaza sauti kwamba kamba inakuja, mshike, mshike tu kidogo. Mzee aliyumba, tope likamtoka chini ya miguu, uzito wake wote ukaning'inia kwenye mkono mmoja.

Wachuka aliutazama mkono huo kama ni wa mtu mwingine. Vidole viwili vilikuwa vimeshauachilia ukosi, na cha tatu kilikuwa kinafunguka.